Muhuri Chini ya Kikombe

Nyumba nyingi huku Kakamega zina kabati la vioo, na ndani yake chombo ambacho hakinywewi chai hata mgeni akija. Kwetu ni kikombe chembamba chenye joka lililochorwa kwa rangi nene, ukipapasa unalisikia kidoleni. Kukhu husema baba yake alikinunua kwa mshahara wa mgodi wa dhahabu. Inawezekana? Kigeuze, usome kitako: “Made in Japan.”

Wanaokusanya vyombo vya Kijapani huanzia hapo. Mwaka 1891 Marekani ilianza kudai bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka. Wajapani wakaandika “Nippon”. Mwaka 1921 wakaambiwa hilo ni neno la Kijapani, waandike “Japan”. Baada ya vita, nchi yao ikitawaliwa na majeshi ya kigeni hadi 1952, vyombo vingi vilipigwa muhuri wa “Occupied Japan”.

Basi chetu ni cha baada ya 1921, si ndiyo? Polepole. Hiyo ilikuwa forodha ya Marekani. Chombo kilichoshuka Mombasa hakikufungwa na sheria hiyo. Tena “Made in Japan” iliandikwa miaka ya thelathini na ikaandikwa tena miaka ya hamsini. Muhuri peke yake hautoshi. Lazima tuulize historia yetu pia.

Mwaka 1926 kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilianza safari za Afrika Mashariki. Mikataba ya Bonde la Kongo iliwazuia Waingereza kuwatoza Wajapani ushuru mkubwa kuliko wengine, kwa hiyo bidhaa zao za bei nafuu, hasa vitambaa, zikajaa madukani. Desemba 1941 Japani ikaingia vitani na Uingereza, biashara ikafungwa.

Dhahabu nayo? Ilipatikana hapa mwaka 1931. Sheria ya 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya Waafrika ni yao milele. Desemba 1932 ikageuzwa haraka, ili ardhi ya kuchimba ichukuliwe bila kulipwa kwa ardhi nyingine. Wenyeji wakabaki na kazi ya kibarua. Mgodi wa Rosterman ulifungwa 1952.

Kwa hiyo kikombe ni cha kabla ya 1941 au cha miaka mingi baadaye, na mgodi ulikuwepo nyakati zote mbili. Aliyekata shauri ni Kukhu. Nilimuuliza tu: kilikuja kabla ya vita au baada? Akasema kilikuwa tayari nyumbani siku kaka yake alipoondoka na jeshi la KAR kwenda Burma. Kupigana na nani? Na Wajapani.

Kitako hakina habari hiyo. Kama kwenu kuna mzee na kikombe, muulize mzee kwanza.