Mtoto wa Mtunya

Mtoto wa mjini hashiki historia ya ukoo kwa kusomewa majina ya mababu. Atasinzia tu. Nilipowapeleka wapwa zangu watatu Mvumi, kusini-mashariki ya Dodoma, kila mmoja nilimtafutia mlango wake.

Mkubwa anapenda ng'ombe, basi nikamtembeza makorongoni. Nikamweleza kuwa mwaka 1986 mifugo iliondolewa hapa chini ya mradi wa HADO, ili ardhi iliyoliwa na maji ipone.

"Sasa Mgogo bila ng'ombe ataoa vipi, mjomba?"

Swali la mtu mzima hilo! Wa kati, yeye muziki, alikwisha kunogewa na ilimba, chombo alichokipiga marehemu Hukwe Zawose hadi Ulaya.

Kitindamimba yeye tumbo tu. Alishinda jikoni kwa bibi, akashangaa kumwona akiokota punje za uwele zilizodondoka mavumbini, moja moja.

"Mama yangu alikuwa mtoto wa Mtunya," bibi akasema.

Mtunya ni njaa ya Ugogo ya 1917 hadi 1920. Wajerumani, kisha Waingereza, walichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi kwa ajili ya vita yao. Halafu mvua ikagoma. Maelfu walikufa. Wengine waliweka watoto rehani wapate chakula.

"Na mama yako, bibi?"

"Aliwekwa."

Wale wawili nao walikuwa wamesogea mlangoni, kimya.

"Kwa uwele kiasi gani?"

Bibi akamwonyesha kikapu kilichokuwa mapajani mwake.