Kipande cha chuma ndani ya Austin

Nimekuwa kimya hapa kijiweni kwa wiki mbili hivi, kazi za watu zilinibana. Leo nimerudi na deni.

Deni lenyewe ni la fundi mmoja wa kuchomelea pale Gerezani. Miezi michache iliyopita niliandika makala gazetini kuhusu vipuri feki, na fundi yule nikamtumbukiza humo humo, kwa sababu nilimkuta anaunda manifoldi ya Land Rover kwa mabomba aliyoyakata mwenyewe. Niliandika kwamba kazi ya namna ile ni kubahatisha. Jumamosi nikampitia. Hakugomba. Alivua miwani yake ya kuchomelea akasema, "Mwanangu, ungeniuliza kwanza kwa nini nimeyakata hivi." Niliondoka pale nimenywea kama kuku wa mvua.

Basi nikakumbuka kisa cha Colin Chapman, ambacho nilikisoma zamani kwa sababu ya mapenzi yangu ya mashindano ya magari, na sikuwahi kukihusisha na Gerezani. Twende London, mwaka 1948. Vita vimeisha lakini petroli bado inagawiwa kwa mgao. Kijana huyu, mwanafunzi wa uhandisi pale University College London, anaunda gari lake la kwanza kutokana na Austin Seven kuukuu. Karakana yake ni banda la gari la wazazi wa mchumba wake, Hazel Williams. Gari lile akaliita Lotus.

Austin Seven lilikuwa gari la mnyonge wa Kiingereza. Lilitengenezwa kuanzia 1922 hadi 1939, injini yake ndogo ya sentimita za ujazo 747, na baada ya vita mabovu yake yalipatikana kwa bei ya kutupa. Chama kimoja, 750 Motor Club, kikaanzisha mashindano maalumu kwa ajili ya watu wasio na fedha: unda gari lako mwenyewe nyumbani, lakini liwe na injini ya Austin Seven. Kwa hiyo wote mnaanza na chuma kile kile.

Sasa hapa naomba mnivumilie, maana utamu wote uko humu. Injini ile ina silinda nne, lakini matundu ya kuingizia petroli na hewa ni mawili tu. Silinda ya kwanza na ya pili zinashirikiana tundu moja, ya tatu na ya nne jingine. Na zinawaka kwa zamu hii: 1, 3, 4, 2. Hesabuni kwa vidole. Baada ya 3 inakuja 4, jirani yake. Baada ya 2 inarudi 1, nayo ni jirani. Maana yake silinda moja haijamaliza kuvuta, jirani yake ameshafungua mdomo kwenye tundu lile lile, wanaanza kunyang'anyana. Ukienda sokoni taratibu huoni tatizo. Ukikanyaga mafuta, injini inakosa pumzi.

Wenzake waliuchukulia upungufu huo kama umbile la injini, kama mtu alivyozaliwa na pua pana. Chapman, akiunda gari lake la Mark III kwa ajili ya msimu wa 1951, akatia kipande cha chuma katikati ya kila tundu. Tundu moja likawa mawili. Halafu ikaundwa manifoldi mpya, kila silinda na njia yake, juu yake kabureta yenye koo mbili. Basi! Hakuongeza silinda wala hakupanua injini. Alijenga ukuta.

Gari lile likawatesa wenzake msimu mzima. Na kilichofuata mnaweza kukibashiri: kanuni zikaandikwa upya na ujanja ule ukapigwa marufuku. Mimi siwalaumu sana wenye chama, mashindano yalikuwa ya watu wa kawaida, na mtu mmoja akishinda kila wiki wengine wanabaki nyumbani. Lakini kusema alidanganya, hapana. Alisoma kanuni na akaisoma injini, akaona kitu ambacho katika kanuni hakikukatazwa.

Kuna watu wawili ambao hadithi hii huwaruka, nami sitawaruka. Ni ndugu Michael na Nigel Allen, majirani wa kina Chapman. Karakana yao ya nyumbani ilikuwa na mashine ambazo Chapman hakuwa nazo, na mpango ulikuwa kuunda magari matatu ya Mark III, kila mtu na lake. Lililowahi kukamilika ni la Chapman. Bila mikono ya Allen ukuta ule ungebaki mchoro kwenye karatasi. Tarehe 1 Januari 1952 Chapman na Michael wakafungua kampuni, mtaji wa pauni 25 ukitoka kwa Hazel. Michael hakudumu. Mwaka 1963 Lotus ikachukua ubingwa wa dunia wa Formula One, Jim Clark akiwa usukani, na jina lililojulikana kote likawa moja tu.

Jana nikarudi Gerezani, safari hii na kalamu. Nikamuuliza fundi lile swali ambalo ningemuuliza mwanzo. Akanieleza kwamba manifoldi ya asili ilikuwa ya chuma cha kumimina, ikapasuka, ikachomelewa, ikapasuka tena pembeni ya kiraka, maana chuma kile hakipendi kupata moto upande mmoja na kupoa haraka. Ndipo akaamua kuunda ya bomba. Na aliyakata mabomba kwa mshazari ili silinda za mwisho zisipate hewa kidogo kuliko za katikati.

Nikaanza kumsimulia habari za Austin. Nilipofika kwenye yale matundu mawili ya silinda nne akaninyamazisha kwa mkono, akachukua chaki, akachora matundu mawili kwenye sakafu. Akafikiri kidogo. Kisha akapiga mstari katikati ya kila moja.

"Hivi?" akaniuliza.