Viini Vingi, Kufuli Moja: Ufanisi wa Kerneli katika Vifaa vya Vichakataji Vingi

Katika maduka ya simu ya Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, mnunuzi hutajiwa mapema idadi ya viini vya kichakataji: vinne au vinane. Hoja ya makala hii ni kwamba idadi hiyo peke yake haipimi kasi. Kinachoamua ni ukubwa wa kazi ambayo kerneli ya mfumo endeshi hulazimika kuifanya kwa zamu.

Msingi wa hesabu wa hoja hii uliwekwa na mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl mwaka 1967. Tuseme asilimia 10 ya kazi haigawanyiki. Viini 8 vitaiharakisha mara 4.7 tu, na viini 48 mara 8.4. Hata viini vikiongezwa bila kikomo, kasi haitavuka mara 10.

Historia ya Linux, kerneli iliyomo katika simu za Android, inathibitisha jambo hili. Toleo la 2.0 la mwaka 1996 liliruhusu vichakataji vingi chini ya kufuli moja kuu: kiini kimoja kikishaingia ndani ya kerneli, vingine vilivyohitaji huduma yake vilisubiri. Njia hiyo ilikuwa salama, lakini iligeuza viini vingi kuwa foleni. Kazi ya kuligawa kufuli hilo kuwa makufuli madogo ilichukua takriban miaka 15. Mabaki yake yaliondolewa katika toleo la 2.6.39, mwaka 2011.

Hata hivyo, makufuli madogo nayo yana gharama. Kufuli ni data iliyo katika kumbukumbu; kila kiini kinacholigusa huivuta data hiyo kutoka kwa kiini kilicholigusa kabla yake. Ndiyo maana mbinu ya RCU, iliyoingizwa katika Linux mwaka 2002, huwaacha wasomaji wa data wasome bila kufuli, huku mwandishi akiandaa nakala mpya na kungoja wasomaji wa ile ya zamani wamalize. Mwaka 2010 watafiti wa MIT waliijaribu Linux kwenye mashine ya viini 48, wakaona kuwa vikwazo vingi vya kerneli viliondoka kwa marekebisho ya wastani.

Huenda mtu akasema simu ya viini vinane haihitaji mjadala huu. Inauhitaji. Viini vyake aghalabu havilingani: baadhi vina nguvu, vingine hubana matumizi ya umeme. Linux 5.0 ya mwaka 2019 iliiwezesha kerneli kupanga kazi kwa kuzingatia tofauti hiyo. Kwa mchuuzi anayepokea malipo kwa simu kutwa nzima, chaji inayodumu ni sehemu ya ufanisi.

Msimbo wa Linux uko wazi kwa yeyote. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, isiyo mbali na Kariakoo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kule Mlimani, ziwafundishe wanafunzi kuusoma na kuyapima makufuli yake. Taifa linalonunua viini kwa wingi linahitaji wataalamu wanaojua kuvifanyisha kazi.