Rukhsa ya Ziwa kwa Watu wa Milimani

Heru Juu, yalipokuwa makao ya Mwami (yaani mtawala) wa Heru katika nyanda za juu za Kasulu, haina bandari wala ufukwe. Hata hivyo tarihi ya uvuvi wa Ziwa Tanganyika haisimuliki kwa insafu endapo watu wa milima ile wataachwa nje, kwani mikono iliyovuta nyavu usiku aghalabu haikuwa ya wenye vyombo, na wengi katika wenye mikono hiyo waliteremka kutoka Buha, nchi ya Waha.

Kuteremka kutafuta riziki katika nchi ya mwingine kulikuwa desturi yao tangu kale. Wakati wa kiangazi Waha walishuka hadi chemchemi za Uvinza, karibu na mto Ruchugi, wakachemsha maji ya chumvi na kumwachia mtawala wa mahali sehemu ya walichokipata, kisha wakarejea na mizigo yao. Utaratibu huo ulikuwa mwepesi, na kwa rai yangu ulikuwa wa haki kuliko nyingi zilizoufuata: mgeni hakuulizwa chungu ni cha nani, bali aliulizwa yeye mwenyewe na chumvi yake. Ziwani nako, wasafiri Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, waliwakuta Wajiji wakiongozwa na wazee wao ufukweni, ilhali mtawala wa nchi alikaa milimani.

Uvuvi wa dagaa zama hizo ulikuwa wa lusenga, yaani wavu wa kuchotea wenye mpini mrefu, na mtumbwi mmoja uliobeba moto wa kuni ili kuwavuta samaki usiku wa giza. Chombo kilikuwa kidogo, watu wachache, na mgao haukuhitaji hesabu ndefu. Mambo yaligeuka katika miaka ya 1950, zilipoenea taa za karabai na baadaye kipe, yaani mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, wavu ukining'inizwa katikati na kuinuliwa na watu kadhaa kwa pamoja. Wavu, taa na mafuta vilihitaji rasilimali ambayo kijana wa Heru hakuwa nayo. Akawa mtu wa tajiri, na malipo yake yakawa fungu la samaki au la fedha, baada ya gharama kutolewa kwanza.

Utawala nao ulikuwa ukibadilika. Waingereza waliwafanya mamwami kuwa wenye mamlaka ya wenyeji, na Mwami Theresa Ntare, aliyeshika kiti cha Heru mwaka 1946, alitawala milima ambayo watoto wake walitoka kwenda mbali kutafuta kazi. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa, na ruhusa ya kuvua ikabaki ni shughuli ya serikali peke yake: ikaja Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970, kisha ile Na. 22 ya mwaka 2003, ambayo huweka usajili wa chombo na leseni ya kuvua.

Sipingi hati hizo. Ziwa la nchi nne haliwezi kuachwa bila hisabu. Lakini pale watu wengi wanapotumia chombo kimoja, chombo huonekana wazi kuliko wanaokipanda: kina namba ubavuni, kinahesabika mwaloni, na mwenye mali anajulikana. Fungu la baharia, kinyume chake, hukaa katika maneno kati yake na tajiri, na akitofautiana naye hana karatasi ya kumpelekea mtu yeyote.

Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wapate kuzaana, tofauti hiyo ilipimwa kwa miezi mitatu. Tajiri mwenye kipe alibaki na kipe, wavu na taa vya kungojea msimu. Baharia hakubaki na haki yoyote ya kurudi katika nafasi yake ziwa likifunguliwa, ila kwa hisani ya yule yule tajiri.