Wapemba wa Kenya na Safari ya Kitambulisho

Kabla ya mipaka ya kikoloni, wavuvi wa kisiwa cha Pemba walivuka Mkondo wa Pemba hadi pwani ya Kenya bila kuulizwa karatasi. Wengi walilowea Kwale na Kilifi, wakaoa na kuzaa.

Uhuru wa 1963 uliwaacha bila uraia. Mtu asiye na kitambulisho hakupata leseni ya uvuvi wala akaunti ya benki.

Kati ya jamii zilizokosa uraia, Wamakonde walitangulia kutambuliwa mwaka 2016, wakafuata Washona. Zamu ya Wapemba ilifika Julai 28, 2023, Rais William Ruto alipokabidhi vitambulisho Kilifi. Jamii hiyo ina watu wapatao 7,000.

Kwa kusajiliwa huko, sasa majina na alama zao za vidole zimo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaitaka izitunze; na iitii.