Nguvu Isiyo na Msukumaji

Msomaji, ukipanda basi Embu kwenda Meru utavuka mabonde mengi yaliyochimbwa na mito itokayo Mlima Kenya. Basi likikata kona kwenda kushoto, mwili wako huegemea kulia, nawe hudhani umesukumwa. Hakuna aliyekusukuma. Mwili ulitaka kushika njia yake iliyonyooka. Basi ndilo lililogeuka. Nguvu hiyo, ambayo wataalamu huiita nguvu ya inesha, huonwa na abiria tu. Mtu asimamaye kando ya barabara haioni kamwe.

Basi, dunia nayo hugeuka daima, na sisi sote tu abiria wake. Kusini kidogo ya mji wa Meru barabara hiyo hukata Ikweta, na hapo ardhi huenda mashariki kilomita 1,670 hivi kwa saa. Mwendo huo ni shwari hata hatuusikii, lakini saa iliusikia. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alifika Cayenne, karibu na Ikweta, na saa yake ya timazi, iliyokuwa sahihi Paris, ikawa inachelewa dakika mbili na nusu kila siku. Mwaka 1687 Newton alieleza sababu: mzunguko hupunguza uzito wa vitu huko, tena dunia imefura kidogo kiunoni.

Mwaka 1835 Gaspard Coriolis, akichunguza mashine zizungukazo, alipiga hesabu ya nguvu ivipatayo vitu viendavyo juu ya kitu kizungukacho. Ndiyo ipindayo pepo kuume kaskazini na kushoto kusini. Juu ya Ikweta yenyewe, haizipindi kokote.

Hapo tuwe macho. Upande wa pili wa mlima, Nanyuki, kwa miaka mingi wageni wameonyeshwa beseni lenye tundu: hatua chache kaskazini maji huzunguka hivi, hatua chache kusini huzunguka vile. Ni mchezo mzuri, lakini mchezaji ni mkono umiminao maji na mwili ugeukao na beseni, wala si dunia. Mwaka 1962 Ascher Shapiro, huko Massachusetts, mbali kaskazini ambako nguvu hiyo ni kubwa zaidi, alijaza chombo chenye upana wa karibu mita 1.8, akayaacha maji yatulie saa 24 ndipo akazibua. Hata hivyo mzunguko haukuonekana ila dakika za mwisho.

Ukipita Nanyuki, mwombe mwenye beseni ayaache maji yake yatulie mpaka kesho.