Ndizi za Daktari Haas

Wadau, leo siasa tuziweke kando kidogo. Nimekuwa nikisoma historia ya seliaki, ugonjwa ambao mwili hupigana na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na shayiri, na katika kupigana huko unaujeruhi utumbo wake wenyewe. Kilichoninasa ni jinsi mwili ulivyowazuga madaktari kwa miaka mingi.

Tuanzie London. Mwaka 1888 Samuel Gee aliandika kuhusu watoto wanaoharisha na kukonda huku matumbo yamewavimba. Aliamini kwamba kama kuna tiba, itatoka kwenye chakula. Mtoto mmoja alilishwa kome wa Uholanzi kila siku (kome, jamani!), akanawiri kweli kweli. Msimu wa kome ulipokwisha, hali ikarudi kule kule.

Haya, twende New York. Mwaka 1924 Sidney Haas alitangaza kwamba watoto wanane aliowalisha ndizi mbivu kwa wingi, akawanyima mkate na nafaka, walipona. Wawili ambao hawakupewa tiba hiyo walikufa. Sisi tuliokulia mtori na matoke tunaweza kujisifu hapo, lakini tungoje kidogo. Haas aliona uzito unapanda, akaipa ndizi sifa zote. Akaamini pia kwamba mtoto akishapona anaweza kurudi kula kama wenzake. Mkate ukarudi mezani, na utumbo ukaendelea kuumia hata pale ambapo mtoto alionekana mzima.

Aliyefumbua fumbo ni Mholanzi, Willem Dicke wa hospitali ya watoto ya The Hague. Aliishuku ngano tangu miaka ya 1930. Njaa ya vita ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika na watu wakala hata tunguu za tulipu, ilimwongezea uhakika. Baada ya vita yeye na wenzake wakapima: mpe mtoto ngano, iondoe, mpime uzito na mafuta kwenye choo. Tasnifu yake ilitoka mwaka 1950. Mwaka 1954 Mwingereza John Paulley akaonyesha, kwa vipande vya utumbo vilivyokatwa wakati wa upasuaji, kwamba ukuta wenyewe umeharibika.

Hapo ndipo ninapowaelewa watu wanaoacha ngano halafu wanalalamika. Kuharisha kumekoma, mashavu yamejaa, suruali inabana, lakini tumbo bado linajaa gesi na uchovu haujaondoka. Ndugu wanawaona wanadeka. Mwaka 2010 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, waliripoti kwamba kati ya watu wazima waliofuata mlo huo, asilimia 34 tu ndio walioonyesha utumbo uliopona ndani ya miaka miwili, na asilimia 66 ndani ya mitano. Kwa muda huo maziwa yanaweza kuwasumbua, mifupa inadai kalisi yake, na gluteni inajificha hata kwenye sosi ya soya.

Ugali wa mahindi, wali na muhogo havina gluteni, kwa hiyo nyumbani si shida sana. Shida ni harusini, mtu amenenepa halafu anakataa chapati.

Na wewe unayejishuku, usiache ngano kabla ya kupimwa. Ukishaiacha, vipimo vinaweza kuonyesha huna kitu.